Mwelekeo wa Fedha katika Lugha: Uingizaji wa Data za Nje katika Programu za Hesabu za Biashara Ndogo Ndogo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza suala ambalo kwa kawaida huachiwa wanakompyuta na wahasibu, ingawa sehemu kubwa ya kiini chake ni ya kiisimu. Suala lenyewe ni namna data zinazotoka nje ya biashara zinavyoingizwa katika programu ya hesabu ya biashara hiyo, na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika kazi hiyo. Kwa data za nje tuna maana ya kumbukumbu yoyote ya miamala ambayo haikuandikwa na mwenye biashara mwenyewe: taarifa ya benki, taarifa ya huduma ya fedha kwa simu, ankara ya msambazaji, stakabadhi ya mashine ya kodi, na kadhalika.

Kwa muda mrefu duka dogo la Afrika Mashariki lilikuwa na daftari moja, na aliyeliandika ndiye aliyelisoma. Hali hiyo imebadilika. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007 na nchini Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watumie mashine za kielektroniki za kutolea stakabadhi. Tangu wakati huo, mauzo au malipo yanayopitia njia hizi huandikwa kwanza na mtu wa nje, na ndipo mwenye duka anapoyapokea yakiwa yamekwisha kupewa majina, alama na mpangilio asioupanga yeye.

Hoja kuu ya makala haya ni mbili. Kwanza, makosa yaliyo magumu zaidi kugunduliwa katika uingizaji wa data hayatokani na hitilafu ya mashine bali na tofauti ya mtazamo kati ya vitabu viwili vinavyoeleza fedha zile zile. Pili, Kiswahili kina nyenzo ya kisarufi, yaani kauli za vitenzi, inayoweza kuonyesha mtazamo huo waziwazi kuliko istilahi zilizotafsiriwa neno kwa neno. Mifano yote ya ujumbe na ya hesabu iliyomo humu imetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Njia Tatu za Kuingiza Data

Kabla ya kuingia katika suala la lugha, ni vema tueleze kwa ufupi njia zinazotumika, kwani kila njia ina makosa yake.

Njia ya kwanza ni kunakili kwa mkono. Mwenye biashara husoma taarifa na kuandika kila muamala katika programu. Kosa la kawaida hapa ni la kupishanisha tarakimu: shilingi 54,000 huandikwa 45,000. Wahasibu wana kipimo cha zamani cha kosa hili, nacho ni kwamba tofauti inayotokana na kupishanisha tarakimu mbili hugawanyika kwa 9 bila baki. Katika mfano wetu tofauti ni 9,000. Kipimo hiki hakithibitishi kosa, lakini humwelekeza mhasibu mahali pa kuanzia kutafuta.

Njia ya pili ni kuingiza faili. Benki au kampuni ya simu hutoa faili la maandishi ambamo kila mstari ni muamala mmoja na safu zake zimetenganishwa kwa alama ya mkato. Wanakompyuta huliita faili la namna hii CSV, na kanuni zake zilielezwa mwaka 2005 katika waraka uitwao RFC 4180. Yapo pia mafaili yenye muundo mkali zaidi, kama vile MT940 ya mtandao wa mabenki wa SWIFT, au OFX iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni za Microsoft, Intuit na CheckFree. Tofauti kati yao ni muhimu kwa hoja yetu. Faili la OFX au MT940 hutaja kila kipengele kwa alama iliyokubaliwa, lakini faili la CSV halisemi lolote kuhusu maana ya safu zake. Maana hubebwa na vichwa vya safu tu, navyo ni maneno ya kawaida ya lugha.

Njia ya tatu ni kuziunganisha programu zenyewe kwa kiolesura, hivi kwamba programu ya duka huuliza na programu ya benki hujibu bila faili kupita mikononi mwa mtu. Nchini Kenya kampuni ya Safaricom ilifungua kiolesura cha namna hiyo, kiitwacho Daraja, mwaka 2017. Njia hii huondoa kosa la kunakili, lakini haiondoi kosa la maana. Kwa hakika hulieneza haraka zaidi, kwa sababu kosa moja la tafsiri hurudiwa katika kila muamala bila jicho la binadamu kulipitia.

3.0 Suala la Mtazamo: Vitabu Viwili, Fedha Moja

Mfumo wa maingizo mawili, ulioelezwa kwa chapa na Luca Pacioli mjini Venice mwaka 1494, hutaka kila muamala uandikwe mara mbili: upande wa kushoto wa hesabu moja na upande wa kulia wa hesabu nyingine. Pande hizi mbili ndizo zinazoitwa debiti na krediti. Katika hesabu ya mali, ongezeko huandikwa upande wa debiti. Katika hesabu ya dhima, yaani madeni ambayo biashara inadaiwa, ongezeko huandikwa upande wa krediti.

Tatizo huanza pale ambapo fedha zile zile ni mali katika kitabu kimoja na dhima katika kitabu kingine. Fedha ambazo mwenye duka ameziweka benki ni mali yake. Kwa benki fedha hizo ni deni, kwa kuwa benki inawajibika kumrudishia. Kwa hiyo fedha zinapoingia, mwenye duka huandika debiti katika kitabu chake, nayo benki huandika krediti katika kitabu chake. Wote wawili wako sahihi. Taarifa ya benki ni nakala ya kitabu cha benki, wala si cha mwenye duka. Programu inayoinakili safu ya krediti ya benki na kuitia katika krediti ya duka itakuwa imegeuza kila muamala.

Tuchukue mfano. Duka lina salio la shilingi 420,000. Katika siku moja limepokea 150,000 kutoka kwa mteja, limemlipa msambazaji 90,000, na limekatwa ada ya 1,500. Salio sahihi ni 478,500. Iwapo pande zimegeuzwa, programu itatoa 150,000 na kujumlisha 90,000 na 1,500, na salio litakuwa 361,500. Tofauti ni 117,000, ambayo ni mara mbili ya ongezeko halisi la siku hiyo, yaani 58,500. Msomaji ataona kwamba kosa hili halisababishi programu kukataa data. Kila ingizo lina upande wake wa pili, pande zote mbili za urari zinalingana, na ripoti huchapishwa bila onyo. Kosa hujulikana tu pale mtu anapolinganisha salio la programu na salio la benki.

Je, istilahi za Kiswahili humsaidia mwenye duka kuliona kosa hili? Mfasiri anayetegemea kamusi ya jumla hushawishika kufasiri debiti kwa ‘deni’ na krediti kwa ‘mkopo’ au ‘karadha’. Tafsiri hizi zina udhaifu wa aina mbili. Udhaifu wa kwanza ni kwamba zinachukua maana ya maneno hayo katika mazungumzo ya kukopa na kukopeshana, ilhali katika uhasibu debiti na krediti ni majina ya pande tu. Fedha taslimu zinazoingia dukani huandikwa upande wa debiti, lakini hakuna Mswahili atakayekubali kwamba fedha aliyoipokea mkononi ni ‘deni’. Udhaifu wa pili ni kwamba nomino ‘deni’ na ‘mkopo’ hazionyeshi ni nani anayemdai nani. Mtu akisema ‘nina deni’, tunaelewa kwamba anadaiwa. Lakini daftari lenye kichwa ‘Madeni’ laweza kuwa orodha ya wateja wanaodaiwa na duka au orodha ya wasambazaji wanaolidai duka. Katika daftari la mtu mmoja utata huu hauna madhara, kwa kuwa mwandishi anajua alichokusudia. Katika faili linalotoka nje madhara yake ni makubwa.

Inafaa kukumbuka kwamba msamiati wa hesabu wa Kiswahili umejengwa kwa tabaka, na kila tabaka liliingia pamoja na kitabu cha mtu fulani. ‘Hesabu’ na ‘daftari’ zimetoka katika Kiarabu. ‘Hundi’ na ‘laki’ zimetoka katika lugha za Bara Hindi pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. ‘Leja’, ‘risiti’ na ‘benki’ zimetoka katika Kiingereza. Mswahili hajawahi kuogopa neno geni la biashara. Kwa hiyo hatupingi ukopaji wa ‘debiti’ na ‘krediti’ kwa ajili ya wahasibu waliosomea fani hiyo. Tunachopinga ni kuyatumia maneno hayo, au tafsiri zake potofu, kama vichwa vya safu mbele ya mtumiaji asiye mhasibu bila kutaja kitabu cha nani.

4.0 Kauli za Vitenzi na Mwelekeo wa Fedha

Nomino zikiwa zimeshindwa kuonyesha mwelekeo, vitenzi vya Kiswahili huuonyesha kwa ukamilifu. Jozi ya ‘mdai’ na ‘mdaiwa’ ni mfano ulio karibu: mofu ya kutendwa peke yake inatofautisha anayestahili kulipwa na anayestahili kulipa. Jambo hili lina manufaa, lakini pia lina hatari kwa mtunzi wa programu, kama tutakavyoona.

Huduma za fedha kwa simu hutuma ujumbe mfupi baada ya kila muamala, na baadhi ya programu za biashara ndogo husoma ujumbe huo na kuugeuza kuwa ingizo. Tuangalie sentensi zifuatazo:

(1) Umelipa shilingi 20,000 kwa Juma.
(2) Umelipwa shilingi 20,000 na Juma.
(3) Umelipia umeme shilingi 20,000.
(4) Umelipiwa umeme shilingi 20,000 na Juma.

Katika (1) fedha zimetoka. Katika (2) fedha zimeingia, na tofauti yote imebebwa na konsonanti moja, /w/. Katika (3) fedha zimetoka, na kauli ya kutendea imetaja kilicholipiwa. Sentensi ya (4) ndiyo ngumu zaidi. Aliyepokea ujumbe amenufaika, lakini hakuna shilingi iliyoingia katika hesabu yake wala iliyotoka. Kilichotokea ni kwamba gharama yake imelipwa na Juma, na huenda sasa anadaiwa na Juma. Programu inayotafuta mfuatano wa herufi ‘umelip’ itazihesabu sentensi zote nne kuwa za aina moja. Programu iliyoboreshwa kidogo, inayochukulia kuwa kila kitenzi chenye /w/ ya kutendwa ni mapato, itaifasiri (2) sawasawa lakini itaikosea (4).

Kitenzi ‘kopa’ huongeza ugumu kwa sababu mwelekeo wake hugeuka kila mofu inapoongezwa. ‘Umekopa’ ni fedha zilizoingia. ‘Umekopesha’, yenye mofu ya kusababisha, ni fedha zilizotoka. ‘Umekopeshwa’, yenye mofu ya kusababisha na ya kutendwa, ni fedha zilizoingia tena. Sarufi hapa ni timamu kabisa, na mzungumzaji hakosei. Mashine ndiyo hukosea iwapo mtunzi wake amechambua neno kwa kutazama herufi za mwanzo tu.

Kitenzi ‘tumia’ kina utata wa namna nyingine. ‘Umetumia shilingi 5,000’ ina maana ya matumizi. ‘Umemtumia Asha shilingi 5,000’ ni kauli ya kutendea ya ‘tuma’, na ina maana ya kupeleka. ‘Umetumiwa shilingi 5,000’ ni fedha zilizoingia. Kinachotofautisha ya kwanza na ya pili ni kiambishi cha yambwa, -m-. Mtunzi wa programu anayekiona kiambishi hicho kuwa pambo la sarufi atakuwa amepoteza taarifa ya kihasibu.

Hatuna budi pia kutaja vitenzi ‘toa’ na ‘weka’. Katika lugha ya kila siku, ‘kutoa’ fedha ni kumpa mtu. Katika huduma za simu, ‘kutoa’ ni kubadili fedha iliyo ndani ya simu kuwa taslimu kwa wakala, na ‘kuweka’ ni kinyume chake. Kihasibu, kutoa kwa maana hii ya pili si matumizi. Ni uhamisho wa mali kutoka hesabu moja ya mwenye duka hadi hesabu yake nyingine, na kinachohesabiwa kuwa gharama ni ada tu. Programu inayoandika kila ‘umetoa’ kama matumizi itaonyesha hasara mahali penye faida. Mwenye duka anayepeleka ripoti hiyo kwa mkopeshaji anaweza kunyimwa mkopo. Na yule ambaye kila ‘umeweka’ yake imeandikwa kama mapato anaweza kukadiriwa kodi juu ya fedha ambazo zilikuwa zake tangu awali.

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza kwamba kila kitenzi kinachotumika katika ujumbe wa miamala kipewe maelezo ya mambo matatu: iwapo fedha zimeingia, zimetoka au hazikusogea, iwapo upande wa pili ni mtu wa nje au ni hesabu nyingine ya mwenye duka huyo huyo, na iwapo deni limezaliwa au limekufa. Kwa kipimo hiki ‘umelipwa’ ni fedha zilizoingia kutoka nje, na huenda zinaua deni. ‘Umekopeshwa’ ni fedha zilizoingia kutoka nje, na zinazaa deni. ‘Umetoa’ kwa wakala ni fedha zilizotoka katika simu kwenda katika sanduku la mwenye duka, bila deni. ‘Umelipiwa’ ni fedha zisizosogea katika hesabu yake, na deni linaweza kuwa limehama kutoka kwa mdai mmoja hadi mwingine. Kazi hii ni ya mwanaisimu kwanza, kisha ya mtunzi wa programu.

5.0 Majina, Namba, Tarehe na Saa

5.1 Majina

Daftari la duka la mtaani humtaja mteja kwa jina analojulikana nalo mtaani. Mama Asha ameandikwa Mama Asha. Fundi wa baiskeli ameandikwa Fundi Baiskeli. Taarifa ya simu humtaja mtu yule yule kwa jina alilosajiliwa nalo, mara nyingi kwa herufi kubwa, na wakati mwingine jina hilo ni la mume, mwana au jirani ambaye laini ya simu imesajiliwa kwa jina lake. Programu inayotafuta ulinganifu wa herufi haitawaunganisha kamwe.

Desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake si uzembe wa uandishi. Ni adabu, na ni utaratibu wa utambulisho uliokamilika ndani ya jamii inayoutumia. Kwa hiyo haifai kumlazimisha mwenye duka afute ‘Mama Asha’ na kuandika jina la kitambulisho. Kinachotakiwa ni orodha ya majina mbadala, ambapo mwenye duka huthibitisha mara moja kwamba namba fulani ya simu ni ya Mama Asha, na programu hukumbuka. Hata hivyo orodha ya namna hii ni taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimeweka masharti juu ya ukusanyaji na utunzaji wa taarifa za aina hiyo, na mtunzi wa programu hana budi kuyazingatia.

5.2 Namba na alama za fedha

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huandika 5,000/= kufuatana na desturi iliyobaki tangu enzi ya shilingi na senti za kikoloni. Kwa binadamu alama hiyo huziba nafasi ili tarakimu nyingine isiongezwe. Kwa programu alama hiyo huigeuza namba kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Nchini Kongo, kwa kufuata desturi ya Kifaransa, mkato hutenga sehemu za desimali. Hivyo 1,500, ambayo kwa Mtanzania ni elfu moja na mia tano, kwa msomaji wa Lubumbashi inaweza kuwa moja na nusu. Zaidi ya hayo, kifupi ‘Sh’ kinatumika kwa shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda, ambazo thamani zake hazilingani. Mfanyabiashara wa Namanga hawezi kutegemea kifupi hicho. Alama za kimataifa za ISO 4217, yaani TZS, KES na UGX, ndizo zinazofaa kuandikwa katika faili, hata kama katika skrini mtumiaji ataona ‘Sh’.

Namba za simu nazo zina matatizo yake. Namba inayoanza na sifuri ikifunguliwa katika programu ya majedwali hupoteza sifuri hiyo, kwa kuwa programu huidhani kuwa ni kiasi. Namba ile ile katika taarifa nyingine huanza na 255 au 254. Kanuni ni rahisi: kitu kisichojumlishwa si kiasi, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu, na kihifadhiwe kama maandishi.

5.3 Tarehe na saa

Tarehe 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa Mswahili na ni tarehe 4 Machi kwa programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani. Siku inapozidi 12 programu hugundua kosa. Chini ya hapo hukaa kimya. Utaratibu wa ISO 8601, unaotanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, huondoa utata huu.

Kuhusu saa, Mswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Saa 2 usiku ni 20:00 katika taarifa ya benki, na saa 7 usiku ni 01:00 ya tarehe inayofuata. Mwenye mgahawa anayefunga saa 8 usiku wa mwisho wa mwezi huyahesabu mauzo yote kuwa ya siku iliyokwisha, ilhali taarifa ya simu huyagawa katika miezi miwili. Hapa hakuna aliyekosea. Programu inapaswa kumwuliza mwenye biashara siku yake ya kazi huishia saa ngapi, na kuhifadhi tarehe mbili: ya muamala na ya hesabu.

6.0 Baraza: Utaratibu Unaopendekezwa

Nyumba ya Kiswahili ya pwani ina baraza. Mgeni hakaribishwi moja kwa moja ndani. Hukaa barazani, huulizwa hali na shida yake, na mwenyeji ndiye anayeamua kumwingiza. Tunapendekeza data za nje zipokelewe kwa adabu hiyo hiyo. Zisiandikwe katika leja papo hapo, bali ziwekwe katika jedwali la kungojea ambalo tunaliita baraza, na zipitie hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi ushahidi. Mstari uliopokelewa utunzwe kama ulivyo, pamoja na maneno yake ya asili, hata baada ya kufasiriwa. Siku mzozo utakapotokea, tafsiri haitoshi.

Hatua ya pili ni kutambua marudio. Mwenye duka akiingiza taarifa ya Januari, kisha taarifa ya Januari na Februari, miamala ya Januari isihesabiwe mara mbili. Namba ya muamala ndiyo itambulishe kila mstari, na wala si mchanganyiko wa tarehe na kiasi, kwani wateja wawili wanaweza kulipa kiasi kile kile siku moja.

Hatua ya tatu ni kufasiri mwelekeo kwa kutumia maelezo ya vitenzi tuliyoyapendekeza katika sehemu ya 4.0, na kugawa mistari iliyounganishwa. Mwezi Julai 2021 Tanzania ilianzisha tozo ya serikali juu ya miamala ya simu, na kiwango chake kilipunguzwa Septemba mwaka huo huo. Programu iliyokuwa imefungiwa kanuni moja ya kukisia makato kutokana na kiasi kilichotumwa ilikosea mara ya kwanza, na ikakosea tena miezi miwili baadaye. Makato yasomwe katika data, yasikisiwe. Na ada ya kampuni itengwe na tozo ya serikali.

Hatua ya nne ni ulinganishi na idhini. Programu ipendekeze kwamba shilingi 20,000 za leo ni malipo ya ankara fulani, lakini mwenye duka ndiye akubali. Mwisho wa kila uingizaji, salio la programu lilinganishwe na salio la taarifa. Wakati tofauti ni mara mbili ya jumla ya mabadiliko, kama katika mfano wetu wa 117,000, programu imwambie mtumiaji kwa Kiswahili kilicho wazi: ‘Huenda safu za fedha zilizoingia na zilizotoka zimebadilishana.’

Kwa upande wa istilahi za skrini, tunapendekeza vichwa viwili, ‘Fedha zilizoingia’ na ‘Fedha zilizotoka’, vikifuatiwa daima na jina la mwenye kitabu: ‘kwa kitabu cha duka’ au ‘kwa kitabu cha benki’. Vichwa hivi ni virefu kuliko debiti na krediti. Urefu huo una sababu, nayo ni kwamba unataja mtazamo, yaani kile ambacho istilahi fupi huficha.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wahasibu wetu wamefunzwa kwa Kiingereza, na kwamba istilahi mpya zitawatenga na wenzao. Jibu letu ni kwamba leja yenyewe inaweza kubaki na debiti na krediti kwa ajili yao. Tunachozungumzia ni mlango ambao mwenye duka hupitishia data. Pingamizi ya pili ni kwamba tafsiri ya programu ilikwisha kufanyika. Ni kweli kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinamudu lugha ya skrini. Lakini kutafsiri vitufe na orodha za amri ni kazi tofauti na kuchambua maana ya data. Kitufe kilichotafsiriwa vibaya humkera mtumiaji, naye hukizoea. Safu iliyotafsiriwa vibaya humfilisi bila yeye kujua.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uingizaji wa data za nje ni tendo la kufasiri. Kila taarifa inayofika dukani imeandikwa na mtu mwingine, kwa mtazamo wake, kwa majina yake na kwa saa yake. Tumeona kwamba istilahi za nomino zilizokopwa au kutafsiriwa huuficha mtazamo huo, na kwamba kauli za vitenzi vya Kiswahili huufichua. Tumeona vilevile kwamba kauli hizo hizo huipotosha programu iliyotungwa na mtu asiyezijua.

Vyombo vya istilahi, tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA vya miaka ya 1970, vimezoea kutoa orodha ya maneno na visawe vyake. Kwa uwanja huu orodha haitoshi. Kinachohitajika ni maelezo ya kila kitenzi cha muamala pamoja na minyambuliko yake, yakionyesha fedha zinatoka wapi na kwenda wapi, na ni nani anayedaiwa baadaye. Kazi hii inafaa kuanzwa na wanafunzi wa uzamili wa isimu na wa sayansi ya kompyuta wakishirikiana, na vyanzo vya data vipo katika simu ya kila mwenye duka aliye tayari kutoa idhini yake. Wakianza, waanze na ‘lipa’. Kitenzi hicho kimoja, pamoja na ‘lipwa’, ‘lipia’, ‘lipiwa’, ‘lipisha’ na ‘lipana’, kinatosha kwa tasnifu nzima, na matokeo yake yatamsaidia Mama Asha na mwenye duka anayemkopesha kuliko istilahi mia moja zisizojua kitabu ni cha nani.